Mjenzi wa Akai Hayumo Kwenye Orodha

Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120 hivi, huenda ukamwona kando ya barabara: mwanamke amechutama ndani ya duara la fito alizozichomeka mchangani. Anazikunja moja moja hadi zikutane juu, anazifunga kwa kamba za mkoma, kisha anaanza kuezeka. Hana futikamba wala timazi. Kipimo chake ni mkono wake, na urefu wa mlango anaukadiria kwa mgongo wake mwenyewe ulioinama. Jua likishuka, familia ina pa kulala.

Nyumba hiyo ndiyo akai. Kwa desturi ya Waturkana, mjenzi wake ni mwanamke. Ni yeye anayejua mti upi unakunjika bila kuvunjika na upande upi wa kuelekeza mlango ili usiku usijae vumbi. Malisho yakiisha na boma likahama, ni yeye anayeibomoa, anawapakia punda mizigo, na kuisimamisha tena aendako. Mwanamume akionekana anajenga akai, boma zima litakuja kutazama.

Sasa mfuate binti wa mjenzi huyo hadi shuleni, siku ambayo wanafunzi wanaelezwa juu ya kazi. Nimehudhuria siku za namna hiyo za kutosha kuweza kuzitabiri. Viti vya plastiki vimepangwa chini ya mti au chini ya hema la kukodi. Kuna afisa wa polisi, meneja wa benki, mtu wa shirika la misaada aliyekuja na Land Cruiser, na mhandisi ikiwa amepatikana. Huyo ni mwanamume. Muuguzi aliyealikwa ni mwanamke, hata ikibidi atafutwe mbali, ingawa katika zahanati nyingi za mashinani huku muuguzi utakayemkuta amefungua mlango ni kijana wa kiume. Maneno yanayofuata msomaji anayajua. Wavulana, msiogope Hisabati, taifa linahitaji wahandisi. Wasichana, jitunzeni, someni kwa bidii, mna moyo wa huruma, mtakuwa wauguzi na walimu wazuri. Hapo anaambiwa kwamba ujenzi ni wa wavulana msichana ambaye tangu utotoni amemshikia mama yake fito.

Jambo hili si la kumlaumu msemaji. Yeye anasema alichokiona, na alichokiona ni kweli: kwenye mijengo ya mawe pale Lodwar, iwe Napetet au Kanamkemer, fundi mwashi ni mwanamume, na mwanamke akionekana hapo pengine amebeba maji ya kuchanganyia saruji. Akai hujengwa na mama bila malipo. Nyumba ya matofali ya saruji na mabati inalipiwa, na kwa hiyo imekuwa ya baba. Ukianza kulitazama hili, huachi kuliona. Kuchimba mchanga wa laga, yaani mto uliokauka, hadi maji yatokeze, kushuka kisimani, kupokezana vibuyu na mitungi hadi juu, hiyo ni kazi ya wanawake na wasichana. Kisima kikichimbwa kwa mtambo, kikawekewa pampu na ada ya kila mtungi, anayekaa na ufunguo na daftari aghalabu ni mwanamume. Jikoni ni kwa mama, lakini ingia hoteli ya mjini yenye chapati na nyama ya mbuzi, uchungulie nyuma: mpishi ni mwanamume mwenye aproni. Ziwani, wanaume huvua na wanawake hupasua samaki na kuwaanika. Kazi ikishapata mshahara, hubadili jinsia. Orodha ya kazi inayobandikwa ukutani shuleni ni orodha ya kazi zilizokwisha kubadilika.

Wavulana nao hawasazwi. Mimi mwenyewe, nikiwa kidato cha pili katika shule ambayo nitaisitiri jina, nilitaka kuchukua Sayansi Kimu. Nilipenda kupika, na nilikuwa nimesikia kwamba hoteli za pwani hulipa. Mwalimu aliyekuwa akiandika majina aliinua macho, na darasa likacheka kabla hajasema neno. Nikasema Kilimo. Sijutii Kilimo, ila hadi leo nakumbuka ni nani waliocheka na walikuwa wamekaa wapi.

Kwamba neno la mwalimu lina uzito zaidi Turkana kuliko Nairobi, kuna sababu. Mtoto wa Nairobi ana shangazi mhasibu, jirani daktari, binamu anayeuza programu za simu. Akipotoshwa shuleni, atarekebishwa nyumbani. Huku, wengi wanaoketi darasani leo ni kizazi cha kwanza au cha pili kushika kalamu. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana wilaya iliyofungwa ambayo mgeni hakuingia bila kibali, na ilipotaka mahali pa kumficha mtu iliona hapo panafaa: Jomo Kenyatta alitolewa Lokitaung mwaka 1959 akawekwa Lodwar, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Uhuru haukuharakisha mambo. Waraka wa Kikao Namba 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kule ambako zingezaa haraka, na kaskazini haikuhesabiwa humo. Kwa hiyo mzazi anayejua mifugo yake mmoja mmoja kwa rangi na ukoo hana la kumshauri binti yake juu ya uhandisi wa maji. Anasema, mwulize mwalimu.

Na mwalimu mwenyewe? Mwalimu wa ushauri nasaha katika shule zetu nyingi ni mwalimu wa somo fulani aliyeongezewa jukumu. Ana vipindi vyake, ana madaftari ya kusahihisha, ana bweni la kusimamia. Ushauri wa taaluma anautoa kwenye veranda, kati ya kengele mbili, na mara nyingi anautoa kwa kutazama alama alizonazo mkononi. Msichana aliyepata 38 katika Fizikia anaambiwa aiache asije akaharibu wastani. Mvulana aliyepata 38 hiyo hiyo anaambiwa akaze buti. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wastani wa shule ni jambo zito, na mwalimu mkuu ataulizwa.

Katika mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027, uamuzi huo ulikuwa ukifanywa mwishoni mwa kidato cha pili. Kwa wasichana wengi somo la kwanza kuachwa lilikuwa Fizikia. Miaka miwili baadaye, matokeo yakitoka na ukurasa wa KUCCPS wa kuombea nafasi za vyuo ukifunguliwa, binti anaona kwamba kozi za uhandisi zinadai Hisabati, Fizikia na Kemia. Alama zake ni nzuri pengine, lakini mlango ulifungwa akiwa na miaka kumi na sita, kwenye veranda, na hakuna aliyemwambia kwamba ulikuwa mlango.

Mtaala mpya umeleta uchaguzi huo mapema zaidi. Mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya Tisa walichagua shule na mikondo ya sekondari pevu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba asilimia 60 hivi wangeelekea STEM, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo. Namba hizo zinapendeza zikisomwa Jogoo House, makao ya wizara. Zishushe hadi Turkana Kaskazini uone. Shule nyingine zina mikondo mitatu, nyingine miwili, na shule ya bweni ya wasichana iliyo karibu huenda haina maabara ya kutosha wala mwalimu wa Fizikia anayekaa zaidi ya mihula miwili kabla hajaomba uhamisho wa kurudi kwao. Mwanafunzi wa hapo hahitaji kuambiwa sayansi si yake. Ukuta mtupu wa maabara umeshamwambia.

Halafu kuna suala la Hisabati, ambalo naliona ndilo kiini, na ambalo halikupata mjadala liliostahili baada ya siku chache za kelele. Mpango wa awali ulikuwa Hisabati iwe ya hiari kwa wasiochukua STEM. Wazazi na walimu walipopinga, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza Aprili 2025 kwamba somo hilo litakuwa la lazima kwa wote, lakini katika ngazi mbili: Hisabati kamili kwa walio STEM, na Hisabati ya msingi, iliyopunguzwa uzito, kwa wengine. Busara imo humo. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kufundisha anaweza kukisia ni nani atakayesukumwa kwa upole kwenye ile nyepesi. Hapatahitajika amri. Itatosha sauti ya huruma: wewe mwanangu, chukua hii, isikusumbue.

Nimeishi kuona jinsi habari za redioni zinavyopanga ndoto za watoto. Machi 2012 Tullow ilipotangaza mafuta katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar, ghafla kila mvulana mwenye alama za kueleweka alitaka uhandisi wa petroli. Oktoba 2013 kampuni ilisimamisha kazi kwa muda baada ya wenyeji kuandamana wakidai ajira. Ndipo ilipobainika wazi: kazi zilizokuwapo kwa wenyeji zilikuwa zile zisizohitaji cheti, ulinzi na udereva na za mikono, kwa sababu waliosomea zile nyingine hawakuwepo. Ilisemwa sana wakati ule kwamba vijana wetu wapewe ujuzi. Neno "vijana" kwa Kiswahili halina jinsia, lakini katika baraza zile lilikuwa nayo. Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta yakaondoka kwenda Mombasa. Mwaka 2025 Tullow ikauza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy. Sikumbuki hata mara moja, katika miaka yote hiyo, nikisikia mtu akisimama mbele ya shule ya wasichana kuwaeleza jiolojia ni kitu gani.

Kakuma ni habari nyingine, na si nyingine. Kambi yake ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, wakati wavulana kwa maelfu walipofika kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu wapatao laki tatu: Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo. (Waandishi wa ng'ambo hupenda kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Sisi wenye lugha tunacheka kimya. Ila ndivyo inavyokuwa mtu wa mbali anapokutafsiria jina lako.)

Shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo mtazamo ule kuhusu Fizikia umeletwa pamoja na vitabu. Lakini picha wanayoiona watoto ni tofauti na ya vitabuni. Walimu wengi wa shule za msingi za kambi ni wanaume, wakimbizi wenyewe, wanaolipwa posho ndogo inayoitwa insentivu. Ule usemi kwamba ualimu ni kazi ya wanawake hauna ushahidi hapa. Ualimu umekuwa wa wanaume kwa sababu wasichana waliofika mwisho wa sekondari walikuwa wachache. Ndiyo maana Mary Maker, mkimbizi wa Sudan Kusini, aliposimama kwenye jukwaa la TEDx lililofanyika kambini Juni 2018 akizungumza kama mwalimu wa Kakuma, yeye mwenyewe alikuwa ni somo kabla hajafungua kinywa.

Ukiwauliza wasichana wa Kakuma kizuizi ni nini, usitarajie neno la kitaalamu. Ni foleni ya bomba. Ni kuni. Ni wadogo zao, na posa inayokuja nyumbani ikiwa imetangulizwa na ng'ombe. Mvulana akitoka shuleni ana saa tatu za mwanga. Dada yake ana nusu saa, nayo ni ya kukoka moto. Kwa hiyo mipango iliyoonekana kufaa zaidi haikuwa ya mawaidha. Ilikuwa mabweni: Angelina Jolie kwa msingi, Morneau Shepell kwa sekondari, shule mbili za wasichana zilizojengwa kwa fedha za wafadhili hao na kubeba majina yao. Ilikuwa pia masomo ya ziada ya wikendi yaliyoendeshwa na mradi wa KEEP wa mashirika ya WUSC na Windle kuanzia mwaka 2013, kwa wakimbizi na wenyeji. Niseme waziwazi: ushauri bora wa taaluma niliowahi kuuona huku ni kitanda, taa na meza isiyo ya kupikia. Tatizo la fedha za wafadhili ni kwamba zina mwisho, na mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake kambi nzima iliisikia tumboni.

Vyuo vya ufundi vya kambini navyo vina desturi yake. Milango iko wazi kwa wote, lakini mkondo wa watu hujigawa wenyewe: wasichana ususi, upishi na ushonaji, wavulana umeme, uashi na uchomeleaji. Toka nje ya lango utembee sokoni, hata hivyo, ukahesabu walio kwenye vyerehani. Mafundi cherehani Wakongo, wengi wanaume, wanashona vitenge kwa ustadi wa kukutoa jasho la wivu. Msichana aliyepelekwa ushonaji kwa kuwa ni "kazi ya kike" anahitimu na kukuta soko limeshikwa na wanaume. Fundi umeme wa jua, ambaye Kakuma na Lodwar zinamtafuta kila siku kwa vile jua halikopeshwi, hakutajwa mbele yake.

Kuna njia mbili ambazo mtoto wa huku husifiwa nazo bila kuulizwa. Akiwa mrefu na mwembamba na wa kike, ataambiwa awe mwanamitindo. Wapo waliofanikiwa: Ajuma Nasenyana wa Lodwar, na Halima Aden aliyezaliwa Kakuma mwaka 1997 na kukulia Marekani. Akiwa wa kiume, atatajiwa Awer Mabil, naye mzaliwa wa Kakuma, aliyeichezea timu ya taifa ya Australia. Nawaheshimu wote watatu. Ila jiulize ni watoto wangapi wa shule nzima wanaoweza kuishi kwa uso au kwa mguu. Riadha ina hadithi tofauti kidogo, kwa sababu ya Tegla Loroupe, mwanamke kutoka kwa majirani zetu wa Pokot, ambaye mwaka 1994 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda mbio za marathoni za New York. Wakfu wake ndio uliowatafuta wakimbiaji Kakuma, na mwaka 2016 Rose Nathike Lokonyen akabeba bendera ya timu ya wakimbizi kule Rio. Kilichomsaidia Rose ni kwamba kuna mtu aliyekuja na saa ya kupimia muda. Kwa Fizikia hakuna aliyekuja na saa.

Si Turkana peke yake, bila shaka. Mtafiti David Chambers alichapisha mwaka 1983 matokeo ya zoezi rahisi: watoto 4,807 waliombwa wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, wote wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja. Watoto hao walikuwa wa nchi tajiri, wenye maabara na vitabu vya picha.

Hapa kwetu zoezi hilo lingekuwa na kejeli ya aina yake, maana sayansi iliyoitangaza Turkana duniani kote, ile ya kutafuta mabaki ya viumbe wa kale, imeongozwa na mwanamke kwa miongo mingi. Fuvu la Kenyanthropus platyops, la kiumbe aliyeishi miaka milioni 3.5 iliyopita, lilipatikana Lomekwi mwaka 1999 na Justus Erus, na kundi alilokuwamo liliongozwa na Meave Leakey. Binti yake Louise naye yumo kwenye kazi hiyo hiyo. Mwulize mwanafunzi wa Lodwar jina la Leakey, atakutajia Richard. Erus anatajwa mara chache zaidi, ingawa jicho la kutambua kipande cha mfupa kati ya mawe elfu ndilo jicho lile lile linalotambua mbuzi aliyepotea kwa alama ya kwato. Jicho hilo wasichana wanaochunga mbuzi na ndama karibu na boma wanalo pia. Huo nao ni utaalamu ambao fomu ya kuchagua mkondo haina kisanduku chake.

Nikirudi kutoka Kakuma safari ya mwisho, jioni, upepo ulikuwa umeanza. Huvuma kutoka kusini mashariki, kwenye ujia kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, na kwa nguvu yake kampuni imesimamisha mitambo 365 ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, inayoweza kuzalisha megawati 310. Miti ya mathenge kando ya barabara ilikuwa imelala upande mmoja. Mabati ya duka moja pale njiani yalikuwa yamefunguka ukingo, yanapiga kelele, na vijana wawili walikuwa juu wakiyawekea mawe. Hatua chache nyuma ya duka kulikuwa na akai tatu. Zina umbo la duara na mgongo wa mviringo, hazina kona ya kushikwa na upepo, na upepo ulizipita juu kana kwamba hazikuwepo. Mbele ya moja, mwanamke alikuwa amesimama akikaza fundo, na msichana mwenye sare ya shule amemshikia kamba upande wa pili, akivuta pale tu alipoambiwa avute.